Moyo wa Jike Mwekundu Siku ya Mashindano

Lori la wageni lilifika Ijumaa mchana, na farasi wetu, jike mwekundu, akaacha kula.

Alikuwa bandani mwake, kichwa kimezama kwenye kihori, akitafuna taratibu kama kawaida yake. Lori lilipopinda langoni na farasi waliomo wakaanza kulia, aliinua kichwa akatega masikio upande ule. Nyasi alizokuwa nazo mdomoni zikabaki zinaning'inia, hazitafunwi wala hazitemwi. Nilisubiri amalize. Hakumaliza. Jioni nilipopita tena, nyasi zilizoletwa asubuhi kwa pikipiki kutoka Kibati zilikuwa bado kihorini vilevile.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimezaliwa vilimani Masisi, binti wa watu wa ng'ombe, na ng'ombe nilianza kuwajua kabla sijajua kusoma. Farasi nimekutana nao ukubwani, na nilikuwa nawaogopa. Ng'ombe akitaka kukupiga anakuarifu: anashusha kichwa, anapuliza pua, anakupa nafasi ya kukimbia. Farasi yuko kimya, yuko kimya, halafu unasikia ubao nyuma yako umepasuka, na unajipapasa kuona kama ni ubao peke yake. Kila nilipofungua mlango wa banda, viganja vyangu vililoa jasho. Nilikuwa navifutia kwenye koti kwanza ndipo nimguse mnyama, nikidhani hatagundua.

Kiwanja cha farasi hawa kiko ukingoni mwa Goma upande wa kaskazini, pale mawe meusi ya volkano yanapokuwa mengi kuliko nyumba na barabara inapanda kwenda Munigi. Mwenyewe ni mama wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge. Aliwanunua farasi kutoka kwa mgeni aliyekuwa anahama, na ndugu zake wakamwuliza kama farasi anakamuliwa au analiwa. Akafungua shule ya kupanda farasi, na familia zikaanza kuja Jumapili baada ya misa. Kisha ikaja ile miezi ya risasi. Watu wakajifungia majumbani, na hata mji ulipotulia hawakurudi. Ndipo mama akasema tutafanya konkuru, mashindano ya farasi kuruka miti iliyolazwa, na wageni waje na farasi zao. "Batu baone kama tuko wazima," alisema.

Jike mwekundu ndiye aliyekuwa fahari yake. Picha yake ilikuwa kwenye mabango yote mjini, anaruka mti akiwa na mpandaji wake mgongoni, msichana anayefanya kazi katika duka la dawa. Wawili hawa walijifunza pamoja. Siku za mazoezi, kiwanja kikiwa kitupu, nilizoea kusimama uani na kuwaangalia. Walikuwa wanaruka bila kelele, kama mtu anayevuka mfereji mdogo barabarani huku akiendelea na mazungumzo.

"Dokta, huyu iko na nini?" mama aliniuliza Ijumaa ile jioni, tukiwa mbele ya kihori.

"Iko na woga, mama."

"Woga ya nini? Mabomu yalipita juu ya paa hii, akabaki amesimama. Hakugonjwa hata siku moja. Leo ataogopa lori?"

Nami nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Wakati wa vita nilikuwa nimejificha chini ya meza nyumbani kwangu. Niliporudi kiwanjani nilimkuta jike huyu mzima, anakula. Nikasema moyoni: huyu amezoea, hakuna kitakachomtisha tena.

Jumamosi wafanyakazi wakasimika mahema. Wakasimamisha bendera, wakaleta jenereta na vipaza sauti virefu kuliko mtu. Nilikuwa naangalia kila kitu kwa macho ya jike mwekundu, na kila kitu kilikuwa kibaya. Turubai lilipiga makofi kwenye upepo. Bendera zilikuwa hazitulii. Farasi wa wageni, wenye harufu asizozijua, walifungwa kwenye mabanda jirani, na rafiki yake wa siku zote, dume mmoja mzee aliyekuwa analala ukuta mmoja naye, alihamishwa nyuma ili wageni wapate nafasi. Mchana, jike alikuwa anazunguka bandani bila kusimama. Mavi yake yalikuwa maji. Alikuwa ameng'ata ukingo wa mlango mpaka ubao ukawa mweupe.

Niliingia kumsikiliza moyo. Nilijiambia nitaingia na kutoka. Nikaweka mkono shingoni, nikamsemesha kwa Kihunde, lugha niliyozoea kuwasemesha ng'ombe wa baba, nikateremsha stetoskopu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Hapo mtu huko nje akawasha vipaza sauti, akavijaribu kwa kuhesabu Kifaransa.

"Un, deux! Un, deux!"

Jike aliruka pembeni, na pembeni ndiko nilikokuwa. Bega lake lilinibana ukutani. Hakuwa ananishambulia. Alikuwa anatafuta mahali pa kwenda, na mimi nilikuwa mbele ya mahali hapo. Pumzi ilinitoka yote. Nilitaka kupiga kelele, sikuwa na hewa ya kupigia. Kifaa kilikuwa kimeanguka, lakini sikukihitaji tena. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mbavu zangu, mkubwa, wa haraka, kama watu wengi wanaokimbia juu ya sakafu ya mbao. Wangu ulikuwa unakimbia nyuma yake.

Sauti ya nje ilipokatika, akasogea. Nikatoka nikitambaa. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapapasa mbavu moja moja.

Mama alinikuta pale.

"Mama, asiingie kesho," nilimwambia.

"Dokta, picha yake iko mjini mote. Nitasema nini kwa batu?"

"Sema amegonjwa. Si uongo. Hali chakula, anaharisha, moyo unakimbia na yeye amesimama tu. Kwetu Masisi ng'ombe akipelekwa sokoni akiacha kucheua, hatumlazimishi kupanda mlima siku hiyo."

Akaangalia mahema. Si mtu mbaya. Alikuwa ameweka tumaini lake lote pale uwanjani, na sasa daktari mwenye majani kwenye nywele alikuwa anamwambia alitoe. Mwishowe tukapatana hivi: kesho nitamsikiliza tena dakika ya mwisho, mpandaji akiwa juu. Moyo ukiwa umetulia, ataingia. Usipotulia, nitainua mkono, naye mama atatangaza mwenyewe kuwa farasi wetu haruki leo.

Jumapili watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea. Walikuja na nguo za misa, wababa na makoti, wamama na vitenge vya kufanana. Watoto walipewa maputo langoni. Niliyaona maputo nikafikiri yakipasuka itakuwaje, lakini watoto walikuwa wanacheka, na mjini kwetu ulikuwa umepita muda mrefu watoto hawajacheka kwa wingi namna ile. Nikayaacha.

Wageni walianza. Baadhi ya farasi zao walikuwa wamezoea. Waliingia, wakaruka, wakatoka. Mmoja alikataa mti wa kwanza akageuka, jasho jeupe kama povu la sabuni likimtoka katikati ya mapaja. Watu walimcheka. Mimi sikuweza kucheka.

Jike mwekundu aliletwa kwenye kizimba cha kusubiri, mpandaji wake juu. Nilishika kamba ya kichwani kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikaweka stetoskopu. Macho ya jike yalikuwa yanaonyesha weupe. Alikuwa hatembei, lakini ngozi yote ilikuwa inacheza kana kwamba nzi wanatua mwilini mwake mahali pote kwa pamoja. Na moyo ulikuwa uleule wa jana.

"Dokta," mpandaji aliniita kwa sauti ya chini kutoka juu. "Na wangu unaweza kuusikiliza?"

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa amezishika hatamu kwa nguvu hata vidole vimekuwa vyeupe, na niliona kuwa kila alipotetemeka yeye, masikio ya jike yalirudi nyuma. Walikuwa wanapeana woga, huyu akimpa huyu, na kila ulipopita mkononi ulizidi.

"Shuka," nikamwambia. "Leo hamuingii, nyote wawili."

Nikainua mkono kumtafuta mama. Alikuwa mbali, kando ya mtangazaji, na aliniona. Nina hakika aliniona, maana alianza kuja.

Hapo puto likapasuka.

Lilikuwa moja tu, mkononi mwa mtoto, karibu na hema. Lakini sauti ilikuwa ileile. Nusu ya uwanja ililala chini. Hakuna aliyeambiwa alale. Miili ilijua yenyewe. Wamama walijilaza juu ya watoto wao, vitenge vya misa kwenye vumbi jeusi. Babu mmoja mwenye kofia nzuri aliingia chini ya kiti. Hata mtangazaji alichuchumaa, na kipaza sauti kikapiga yowe refu. Mimi niligundua kuwa nimeinama, mkono juu ya kichwa.

Mkono mwingine ulikuwa bado na kamba.

Jike alisimama kwa miguu ya nyuma. Niliona kwato juu yangu, na tumbo lake jekundu, na anga. Mpandaji akaanguka upande wa pili. Nilisikia anavyogonga ardhi. Kamba ilinivuta, ikanikokota juu ya mawe, ikanichana kiganja na kuteleza. Aliruka uzio wa kizimba, uzio mrefu kuliko mti wowote tuliomwekea kwenye mazoezi, akapita kati ya watu waliolala bila kumkanyaga hata mmoja, na akatoka langoni kwa shoti, tandiko limepinda, hatamu zinapiga miguu.

Barabarani kulikuwa na pikipiki, na magari ya Rutshuru yanayoshuka kwa kasi na magunia juu.

Sikumbuki nilivyofika langoni. Nakumbuka tu nipo nyuma ya pikipiki, nampigia dereva kelele kwenye sikio, "Fuata ule farasi, papa, fuata!" naye anacheka kwanza, halafu anaona mkono wangu wenye damu, anaacha kucheka. Mbele yetu watu walikuwa wanaonyesha kaskazini kabla hata hatujauliza. Mtu mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa amelala kando ya barabara na viazi vyake vimemwagika, mzima, anatukana. Kila kona niliyoifikia nilitegemea kumkuta jike amelala mbele ya lori.

Tulimkuta karibu na Munigi, amesimama. Kilichomsimamisha ni kizuizi: mti uliolazwa barabarani, na watu wenye silaha. Pikipiki na magari yalikuwa yamejipanga pande zote mbili, hakuna anayesogea. Jike alikuwa katikati, mbavu zinapanda na kushuka, damu ikimtiririka kutoka goti la mbele. Mbele yake kijana mwenye bunduki alikuwa ameilenga kifuani pake.

Dereva wangu alizima pikipiki. "Mama, mi sifiki pale," akasema.

Nilishuka. Naomba nieleweke vizuri: sikuwa shujaa. Nilikuwa nimebanwa na mkojo. Nilitembea katikati ya barabara nimeinua mikono yote miwili, kiganja kilichochanika juu pamoja na kizima, na nilikuwa nasema bila kujua naanza wapi.

"Papa, usipige. Papa, ni farasi ya watu. Miye niko dokta ya banyama. Amekimbia mashindano, hana ubaya. Usipige, papa."

Huyo niliyemwita papa, yaani baba, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Hakuondoa macho kwa mnyama. Nilipokaribia niliona mtutu wa bunduki unatetemeka, na nikaelewa jambo lililonitisha zaidi kuliko ukali wowote: alikuwa anaogopa. Mtu anayeogopa na kidole kikiwa pale anaweza kufanya lolote bila kutaka.

"Inauma?" akaniuliza.

"Hapana. Haiumi mutu."

"Iko nakuja juu yangu."

"Haiji. Imechoka. Angalia, inataka kwenda nyumbani."

"Mbona inaniangalia hivi?"

"Inakuogopa," nikasema. "Kama vile unaiogopa."

Alinitazama mara moja, haraka. Sijui aliona nini. Mwenzake nyuma akasema kitu kwa sauti ya chini, na mtutu ukashuka kidogo, kisha ukaangalia ardhi. Nikapita mbele yake. Mgongo wangu wote ulikuwa unaisikia ile bunduki.

Sasa ilinibidi nimshike jike. Yule aliyenibana ukutani jana, aliyeniinulia kwato leo. Sikumwendea uso kwa uso. Nilisimama pembeni mwa bega lake, nikaangalia kwingine, nikaanza kumsemesha tena Kihunde, maneno ya kijinga, ya maji na ya nyasi na ya jioni. Sikuvifuta viganja, kimoja kilikuwa na damu na kingine na jasho, akavinusa vyote viwili. Halafu akashusha kichwa chake kizito akakilaza kwenye kifua changu, na akabaki hivyo anatetemeka. Magari yakaanza kupiga honi. Kijana wa kizuizi akainua mkono akayanyamazisha.

"Aksanti, papa," nikamwambia.

"Enda naye," akasema. "Enda haraka."

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye, taratibu, tukiteremka kwenye mawe. Njiani alikutana nasi mpandaji akiwa na mama mwenye kiwanja. Msichana alikuwa ameshika bega, uso umevimba kwa kulia. Alipomwona jike aliketi palepale kando ya barabara.

Nilidhani yamekwisha. Kabla ya kufika langoni jike alisimama, akageuza kichwa akaangalia ubavu wake mwenyewe. Akapiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Akakunja magoti anataka kulala na tandiko juu. Niliweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi. Linaunguruma saa zote kama ngurumo za mbali. Hili lilikuwa kimya. Woga wa siku tatu, tumbo tupu, mbio zile: ulikuwa msokoto wa tumbo, na farasi hufa kwa msokoto wa tumbo.

"Asilale," nikawaambia. "Akilala akajiviringisha, matumbo yatajisokota tumpoteze. Tumtembeze."

Tulipomwingiza langoni nilimchoma sindano ya kulegeza tumbo kwenye mshipa wa shingo. Mkono wangu uliochanika, niliokuwa nimeufunga kitambaa, haukuwa na nguvu. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika kichwa cha jike, yeye ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuwagusa farasi wake. Kisha tukatembea kuzunguka uwanja. Wageni walikuwa wamepakia farasi zao wamekwenda. Watu walikuwa wamekwenda. Mahema yalibaki, na maputo yaliyofungwa kwenye nguzo, na mpandaji akapita akiyafungua moja moja, polepole, akiyatoa hewa kwa vidole ili yasipasuke.

Tulizunguka. Kila aliposimama tulimsukuma, na kila nilipoweka sikio sikusikia kitu. Mama alikuwa anasali rozari kwa Kinande, lugha ya kwao, huku anatembea. Katikati ya sala akakatisha.

"Niliona mukono yako, dokta," akasema. "Nilikuwa nakuja."

"Najua, mama."

"Nilikuwa nakuja polepole. Niliona haya. Batu walikuwa wananiangalia."

Tukaendelea kuzunguka. Nilimleta yule dume mzee kutoka nyuma, nikamweka atembee kando yetu. Jike alimnusa shingoni, akatoa pumzi ndefu. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Sake nilipoweka sikio tena na kusikia, mbali sana ndani, kitu kimejigeuza. Nikawanyamazisha. Kikajigeuza tena. Baada ya muda aliinua mkia akadondosha mavi, machache, magumu. Mama mfanyabiashara wa vitenge akapiga vigelegele, akajiziba mdomo haraka kwa mkono, asije akamtisha. Mpandaji akacheka na kulia pamoja. Mimi niliketi chini pale nilipokuwa, na woga wa siku zote tatu ukanitoka kwa kutapika.

Jike mwekundu alipona, goti likabaki na alama. Hakupelekwa tena mashindanoni. Msichana anampanda asubuhi, kiwanja kikiwa kitupu, na wanaruka kama zamani, ingawa mti wa kwanza wa kila siku wanauzunguka mara moja kabla ya kuuruka.

Mama hakuacha mashindano. Mwaka uliofuata aliyafanya tena, lakini wageni waliitwa mapema, farasi wakae wapazoee mahali hapo. Hakuna jirani aliyehamishwa banda. Vipaza sauti havikukodiwa, na hakuna farasi aliyeingia kabla sijamsikiliza. Tajiri mmoja alibishana nami sana juu ya dume wake mweusi, akaniita daktari wa mbuzi. Sauti yangu ilitetemeka nilipomkatalia, ila nilimkatalia, na mama akaja kusimama kando yangu. Safari hii alikuja mbio.

Watu waliombwa wasipige makofi. Mmoja wao akawa na wazo zuri: badala ya makofi, wamama wapunge vitenge. Farasi wa kwanza kuona vitenge vile vyote vikiruka hewani aligeuka akaelekea langoni, na mpandaji wake alimzuia kwa shida. Moyo ulinipasuka upya. Mama akapita mbele ya viti akiwa ameweka kidole mdomoni, anawaketisha watu mmoja mmoja kama watoto wa shule. Wakakaa, vitenge magotini, mikono juu ya vitenge. Uwanja ukawa kimya kabisa. Kwa mara ya kwanza nikawasikia farasi wenyewe: kwato kwenye mchanga mweusi, ngozi ya tandiko ikilia, na pumzi ya farasi inayotoka kila anapotua.